Nyundo Iliyoniponyoka

Mjukuu wangu Kerubo,

Huku Ogembo tu wazima, ila nyanya yako na magoti yake. Unauliza mbona nilinyamaza ulipopewa bunduki huko uaskarini.

Miaka ya sitini nililinda mahindi ya mzungu kule Nyamira, kwa bunduki yake kuukuu. Haikuwa na kufuli ya usalama; usalama wake ulikuwa ni kurudisha nyundo, kile chuma cha nyuma kinachogonga risasi, polepole, kwa kidole gumba, mtutu ukitazama chini.

Siku hiyo nilikuwa nimevuta nyundo, nikivizia nguruwe mwitu. Ndugu yangu Ombati alikaa mbele yangu akimenya ndizi. Mara mama mkwe wangu akatokea njiani. Kwetu, kusimama na silaha mbele ya mkwe ni aibu kubwa.

“Haraka, weka hiyo, umsalimie,” Ombati akaninong'oneza.

Nikaharakisha. Mtutu sikuugeuza. Nyundo ikaniponyoka.

Mama mkwe ndiye aliyemfunika Ombati, kwa leso yake mwenyewe. Salamu ile sikuitoa hadi mama mkwe naye anazikwa.

Kwa hiyo, mama, ukishika bunduki, hata ukiniona mimi nakuja, usikimbilie kunisalimia. Itulize kwanza.

Nitasimama pale pale, nikungoje.

Babu yako