Steringi Alimfikia Mama Yake

Ruwi, Maskati
Ijumaa jioni

Ndugu yangu Wekesa,

Pokea salamu zangu, wewe na mke wako na watoto. Goti lako linaendeleaje? Na ukumbi wako wa video, bado unajaa Jumapili? Mimi mwili ni mzima. Nakula, nalala, kazini naenda.

Uliniuliza kwenye simu kama narudi nyumbani mkataba ukiisha mwezi ujao, nami nikanyamaza mpaka ukadhani laini imekatika. Haikukatika. Mlimzika Mama bila mimi, ruhusa yangu ikatoka siku mbili baadaye, na tangu hapo sijalia hata mara moja. Najua huko mnasema nimekuwa jiwe. Semeni tu.

Leo Mwende, yule Mkamba ninayekaa naye chumba kimoja, alinivuta sinema. Alisema nakaa kama sufuria iliyosahauliwa jikoni. Filamu yenyewe ilisifiwa wiki nzima kule kiwandani Rusayl tunakofua mashuka, ati ukiiona kiti hakikukalishi. Kilinikalisha vizuri sana. Mama wa steringi anaumwa nchi ya mbali, amebakiza siku moja, na maadui wamefunga njia zote. Basi huyo bwana akaruka kutoka kwa helikopta akatua juu ya treni, akapiga watu arobaini na shati halikuchafuka, akavuka mipaka mitatu wala hakuna aliyemwuliza pasipoti. Mimi nilingoja karatasi moja tu. Helikopta ya nne ikilipuka, nilijikuta naangalia mapazia ya ukumbi, nikiwaza yanafuliwa wapi.

Halafu nikajua kinachokosekana ni wewe. Filamu bila mtu wa kuitafsiri kwa Kiswahili kwa kipaza sauti ni kelele tu. Nikaanza kumtafsiria Mwende vile unavyofanya, na maneno yako yote: "Sasa mwanaume anasema, leo ni leo, asemaye kesho ni mwongo. Adui hapo anaomba maji." Nilisahau kwamba hapa watu hutazama wamenyamaza. Mtu akanigusa bega kutoka nyuma, nikajua nafukuzwa. Kumbe ni bibi mmoja Mwomani, wa wale waliozaliwa Unguja, amekuja na wajukuu wake.

"Pandisha sauti kidogo, mwanangu," akaniambia. "Hawa hawana subira ya kunieleza, na mie maandishi siyaoni."

Nikamtafsiria mpaka mwisho. Steringi hafi, wewe mwenyewe ndiye hutuambia hivyo. Akafika, mama yake akafungua macho.

"Kamuwahi?" bibi akauliza.

"Amemfikia akiwa hai, bibi."

"Alhamdulillahi. Na mamako wewe, hajambo huko kwenu?"

Nikasema hajambo. Lilitoka tu lenyewe. Akanituma nimsalimie sana, nikamwambia salamu zitafika. Mwende aligeuka akanitazama.

Kwenye basi la kurudi Ruwi nilingoja uchungu unijie. Nilidhani sasa utakuja, kwa uongo kama huo. Haukuja, Wekesa. Nilishuka, nikanunua mkate, nikapanda ngazi. Hilo ndilo linaloniogopesha, kuliko hata kumdanganya mwanamke mzee.

Nisalimie Mjomba Barasa aliyechimba kaburi, na mzee wa kanisa aliyeongoza maombi. Shangazi Nekesa aliyemwogesha Mama, umshike mikono kwa niaba yangu. Watoto waambie shangazi yao anawakumbuka.

Na jibu lako ni hili. Jumatatu nilitia sahihi mkataba mwingine, wa miaka miwili. Hakuna aliyenilazimisha. Nikirudi sasa, nitakuwa namkimbilia nani? Usiniambie wewe upo, najua upo. Hicho kitanda cha Mama unachosema umenitandikia, mpe Shangazi akilalie.

Ni mimi dada yako,
Nafula