Mzee Anayehesabu Ndani ya Diski

Papa,

Nainamisha kichwa ukiguse kwanza, kama kawaida yetu, halafu uniruhusu niruke salamu zingine zote kwa sababu siwezi kungoja. Tumekupata! Uko kwenye kompyuta yangu hapa Kitengela, umevaa lile koti lako la kahawia, na unaongea.

Ngoja nianze mwanzo. Ulikuwa unachukia mtu anayeanzia hadithi katikati.

Unajua tulivyokuzika? Kwenye kijitabu cha mazishi tuliweka picha ya kitambulisho. Wewe uliyepiga picha harusi za nusu ya Kajiado uliagwa kwa picha moja tu, umekunja uso kama mtu aliyekanyagwa kidole kwenye foleni. Si kwamba hatukutafuta. Tulipekua kila albamu. Yeyo, mama yetu, yumo, mimi nimo, hata yule ng'ombe mwekundu wa pembe moja yumo, lakini wewe hauko popote. Siku zote ulikuwa nyuma ya kamera ukituambia, "Cheka kidogo, hakuna ng'ombe imepotea." Matangani kila mtu alikuwa anairudia hiyo, analia na kucheka kwa pamoja.

Miezi michache baadaye Yeyo aliniita jikoni akaniambia. "Nasieku, uso bado naona. Sauti ndiyo imeanza kunitoka." Na unajua kwetu mtu akishaenda jina lake halitajwi tena nyumbani. Mke wako ni mtu wa kanisa, lakini kwa hilo hataki mchezo. Akikuzungumzia anasema tu "mwenye kamera". Basi nikahesabu: jina halisemwi, sauti inapotea, picha ni ya kitambulisho. Niliona tunakupoteza mara ya pili, na hiyo ya pili nikaikataa.

Ndipo nikaikumbuka ile diski yako nyeusi, uliyokuwa unaweka kazi zote. Nilijua hauko kwenye video zenyewe, na zile ulizomaliza ulikuwa umezifunika na nyimbo za harusi mwanzo hadi mwisho. Lakini nilitumaini labda kuna moja hukuimaliza, na humo sauti yako imebaki ikimwambia bibi harusi ainue kidevu.

Nikaenda nyumbani Kajiado Jumamosi, nikaichomeka kwenye kompyuta pale mezani sebuleni. Ilikuwa ile wiki ya mvua na baridi, na Yeyo unamjua: vitoto vya mbuzi vilivyozaliwa juzi vilikuwa vyote sebuleni, vimejaa kama wageni wa mahari siku ya ruracio. Ningekuwa na akili ningehama. Kimoja kikaruka kwenye kochi, kutoka kochi kikaruka mezani, mguu ukanasa kwenye waya, na diski ikaenda chini huku inazunguka. Nilipoirudisha ikaanza kulia tik, tik, tik. Kompyuta haikuiona tena.

Nililia, Papa. Nilijikalia pale sakafuni na mbuzi wananinusa nywele. Yeyo hakunigombeza. Alisema labda imeshikwa na baridi. Nilipotoka nje kutafuta mtandao nimpigie fundi, aliifunga kwa shuka, akaiweka ndani ya boksi kando ya jiko, pamoja na kilekile kitoto cha mbuzi kilichoiangusha. Nikarudi nikakuta mbuzi amelalia kazi yako ya miaka yote, amefumba macho, ana raha zake.

Fundi anaitwa Njeri, duka lake limepakana na studio yangu. Ndiyo, nilifungua studio! Hata hiyo habari hujaipata. Ni chumba kimoja, lakini jina liko juu ya mlango na mwanga wa asubuhi unaingia vizuri. Nilipompelekea diski, Njeri aliisikiliza sekunde mbili, akaichomoa. "Usiwahi kuwasha hii tena. Kila ukiiwasha inajikwaruza." Akanieleza polepole kwamba ndani kuna sahani inayozunguka na kichwa kidogo kinachoisoma, na kilichoumia ni hicho kichwa. Itabidi atafute diski nyingine ya aina hiyohiyo, atoe kichwa kizima akipandikize kwenye hii yako, na kazi ifanyiwe mahali pasipo na vumbi. Mahali pasipo na vumbi, Kitengela! Hapo najua umecheka. Lakini ana kijichumba chake amekiziba kila upenyo, na mashine ya kuchuja hewa ndani, na hata mimi haniruhusu niingie.

Alitafuta wiki mbili mpaka akampata pacha wa diski yako Ngong, kwa mtu anayeuza kompyuta mbovu. Akanionya nisitarajie mengi. Alisema atanakili kila kipande cha ile sahani, hata zile sehemu ambazo kompyuta inaziona kama tupu, na faili zitakuja bila majina, namba tu. Nilimwambia hata zikija bila viatu, mradi zije.

Alhamisi mchana nikiwa nampiga mama mmoja picha ya pasipoti, simu ikalia. "Nasieku, wacha kila kitu ukuje. Kuna mzee hapa anahesabu Kimaasai."

Nilikimbia na kamera shingoni. Yule mama nilimwacha amekaa kwenye stuli, amenyoosha shingo. Usijali, alinisamehe.

Papa, unakumbuka ulivyokuwa unafanya kila kazi? Kabla maharusi hawajafika unaweka kamera kwenye stendi, unaenda kusimama mwenyewe mahali pa bwana harusi, unapima mwanga na maiki. *Nabo, are, uni.* Moja, mbili, tatu, kwa ile sauti yako ya kifuani. Halafu unasema jina lako na mahali mlipo, unarudi, unazima. Na Jumatatu, nani alikuwa na kazi ya kuvifuta vile vipande? Mimi. "Futa hizo zangu, zinakula nafasi." Miaka sita nilikuwa nakufuta kwa kidole changu mwenyewe, na hata sikuwa naangalia.

Njeri ananiambia kumbe kitu kikifutwa hakiondoki mara moja. Kompyuta inasahau tu pale kilipo, na chenyewe kinakaa palepale mpaka kingine kiandikwe juu yake. Diski ingekuwa nzima, ningefungua nikute harusi za watu na nyimbo, niifunge, nirudi zangu. Ni kwa sababu ilianguka ndiyo Njeri akalazimika kuchimba kila mahali. Yule mbuzi, Papa! Yeyo ameapa hatachinjwa wala kuuzwa.

Uko kwenye vipande arobaini na kimoja. Kwenye harusi ya Entarara upepo unakuchukulia kofia, nawe unaifukuza mpaka unatoka kwenye picha, tunabaki na mlima wa nyuma yako peke yake na wewe unasikika ukilaumu kwa mbali. Kwenye kipande cha harusi ya Laiser Hill unanyoosha tai, unaikazia kamera macho kama ya kitambulisho kabisa, halafu unajiambia mwenyewe, "Cheka kidogo," na unacheka. Hiyo nimeshaitoa picha kubwa, imetundikwa sebuleni.

Jumapili baada ya kanisa niliwasha kompyuta mbele ya Yeyo. Mbuzi wote walikuwa nje, hilo nilihakikisha. Ulihesabu, akaweka kikombe chini. Kisha ukasema jina lako kamili, kwa sauti, ndani ya nyumba ambayo hakuna aliyelitaja tangu tukuzike. Nilikuwa nimelisahau kabisa jambo hilo! Niliruka nizime. Yeyo akanishika mkono.

"Wacha. Amejitaja mwenyewe."

Halafu akasema, "Rudisha." Nilirudisha mpaka chai ikafanya ngozi. Kila ukimaliza kusema jina, anaitikia kwa kichwa akicheka, kama mtu aliyekuwa mlangoni akingoja kuitwa. Nilikuwa sijamwona akicheka hivyo tangu uondoke, na machozi yakiwa yanashuka.

Sasa ahadi yangu. Nimekuweka mahali patatu: kwangu, kwa Njeri, na kwa Yeyo ndani ya kabati lenye kufuli. Na kila kazi nitakayoenda nitasimama mimi kwanza mbele ya kamera, niseme jina langu na mahali nilipo, na Jumatatu sitafuta. Siku moja kuna mtu atanitafuta, na sitaki angoje mpaka mbuzi aruke mezani.

Pumzika, Papa. Nakukosa vibaya sana, na leo nina furaha mpaka naona aibu. Kesho niko na harusi Ngong. Nitafika mapema kabla ya watu, niweke stendi, niende nisimame mahali pako, nicheke kidogo.

*Nabo, are, uni.*

Ni mimi, Nasieku wako.