Blanketi la Robi Limefika

Boke, rafiki yangu,

Tangu nishike kalamu hii nimeshainuka kufunga mlango uliokuwa umefungwa, na nimeshatoka kuangalia moto ambao sijauwasha. Baba Okoth ananitazama tu na kutikisa kichwa. Anasema tangu uondoke hata kuku wa boma hili hawatulii, kwa sababu nikipita nao wanafikiri kuna jambo. Basi nimeketi. Nitaandika upesi kabla miguu haijanishinda.

Ninakuandikia kwa Kiswahili kwa kuwa mimi na wewe hatukuwahi kuwa na lugha nyingine. Kikuria changu kilikomea kwenye salamu, na Dholuo yako ilituchekesha hata kanisani, siku ile ulipotaka kumwambia mke wa katekista kwamba amependeza, ukamwambia amenenepa.

Jambo lenyewe ni hili: blanketi la Robi limefika. Limefika kwenu, kule karibu na mpaka, na nililipeleka kwa mikono yangu. Lakini halikufika vile ulivyolipanga. Lazima uambiwe, na ni mimi wa kukuambia.

Unakumbuka baraza la duka pale Rodi Kopany? Baba Okoth na cherehani yake upande mmoja, sisi wawili sakafuni tukigombea vipande vinavyoanguka. Marwa wako alikuwa mlinzi wa ghala la pamba, nawe ulikuja dukani kutafuta kivuli tu, hukujua mtu. Yule mke wa mwenye duka, mama wa Kihindi tuliyemwita Ba kama wanawe walivyomwita, ndiye aliyetuonyesha. Alikuwa akipanga sari kuukuu moja juu ya nyingine na kuzishona pamoja kwa mishono midogo kama msafara wa sisimizi. Sisi hatukuwa na sari. Tulikuwa na mabaki ya sare za shule, kaki za kaptura, na mifuko ya unga tuliyoifua mpaka maandishi yakafifia. Tuliunganisha viraka, tukajaza pamba tuliyoichambua kwa vidole, tukashona juu yake mpaka ncha za vidole zikawa ngumu kama kwato.

La kwanza tulimpelekea mama yangu kule Sori, ziwa lilipopanda na kumtoa nyumbani kwake, akakimbilia mlimani na sufuria na mbuzi wake. Alijifunika mchana kweupe, jua likiwaka. Alisema baridi iliyomshika haikuwa ya hewa. Baada ya hapo hatukuweza kuacha. Tulimshonea dada yako alipoolewa, tukamshonea jirani aliyejifungua mapacha, tukamshonea Ba mwenyewe, naye akacheka mpaka akalia. Watu walipoanza kutaka kununua ulikuwa unawajibu, "Hili si la soko. Niambie ni la nani, nitashona." Asiyekuwa na jina la mtu aliondoka mikono mitupu.

La mwanao Robi ulilianza peke yako. Buluu na nyeupe tu, ulisema, hutaki rangi zinazopiga kelele, na katikati kile kipande cha manjano cha gauni ulilofungia ndoa. Halafu kifua kikakushika. Kule hospitali ya Homa Bay ulikuwa ukishona ukiwa umelala, sindano inatoka kwenye kitambaa na kuingia kwenye shuka, nami nafumua ukigeuka. Siku ya mwisho ulinikabidhi. "Mama Okoth," ukasema, "usiliache na uzi unaning'inia." Nilikujibu utalimaliza mwenyewe. Hukubishana nami. Wewe ambaye ulibishana hata na mvua, hukubishana.

Marwa alikupeleka kwenu kukuzika, na Robi alikwenda mgongoni mwa shangazi yake, hata kutembea hajakaza. Hawakurudi tena Rodi.

Mengi yamebadilika, Boke. Duka limefungwa. Ba na watu wake walifungasha wakaondoka, wengine wanasema Kisumu, wengine wanasema ng'ambo. Aliniachia sindano zake zote kwenye kopo la chai, akanishika mashavu. Baba Okoth sasa anashonea nyumbani. Okoth anasoma bweni.

Na mimi nilikuwa na blanketi lako. Nilikuwa nikishona mstari, nauona umepinda, naufumua. Nashona tena, nafumua. Mama mkwe wangu hakutaka hata kulikanyagia kivuli. Alisema kitu kilichoshikwa na mtu anayekufa hakilali nyumba ya watu, kitaleta chira, wajukuu wake watakonda na hakuna dawa itakayowafaa. Nikalihamishia kwenye ghala la mtama. Nikawa nashonea huko huko nimeinama, panya wakinitazama. Niliposhindwa kukaa nililima shamba lililokwisha kulimwa. Nilifagia uwanja mpaka Baba Okoth akauliza kama natafuta maji chini ya ardhi.

Nilipomaliza, miaka ikiwa imepita, ikaanza kazi mpya: sikuweza kulala na blanketi hilo, sikuweza kulitazama. Baada ya mavuno nikalifunga kwa kamba, nikapanda lori la mahindi mpaka Migori, na kutoka hapo nikapata watu waliokuwa wakienda mnadani na ng'ombe, tukatembea pamoja mpaka kwenu.

Sasa sikiliza. Marwa ameoa.

Ninajua ulimwambia aoe, nilikuwepo ukimwambia. Lakini kuambiwa ni kitu kimoja na kumkuta mwanamke akitoka kwenye mlango wako ni kingine. Anaitwa Gati. Ni mdogo kwetu kwa miaka mingi, ametoka upande wa Tanzania, na Kiswahili chake kimenyooka mpaka nikaona haya kufungua kinywa. Ni mjamzito. Alinipokea kwa heshima, akanipa maji, akanipa uji. Nikamwambia mimi ni nani. Nikafungua kamba, nikalitandaza blanketi.

Gati hakuligusa. Alirudi nyuma hatua moja, mkono tumboni.

"Alilishona marehemu?" akauliza.

"Alilianza. Mimi nimemalizia."

"Basi lirudishe, mama. Nakuomba kwa heshima. Mtoto akilala humu ataamka akimlilia mtu nisiyeweza kumleta."

Nikamwambia mtoto ana haki ya kitu cha mama yake. Nilisema kwa sauti ambayo mgeni hapaswi kuitumia. Gati hakuinamisha macho. "Mimi ndiye ninayemwogesha," akasema. "Mimi ndiye ninayempigia kelele. Akianguka ananikimbilia mimi. Sasa akifumba macho awe wa mwingine?"

Alilichukua kwa ncha za vidole, akalitundika kwenye ua, mbali na nyumba, kama ngozi inayokaushwa. Boke, nilitaka kumpiga. Nilitaka kulibeba blanketi na Robi pamoja na kurudi Rodi kwa miguu. Marwa hakuwepo, alikuwa mnadani. Na Robi mwenyewe alisimama amekumbatia kibuyu cha maziwa, akinitazama kana kwamba mimi ni mtu wa serikali. Meno ya mbele yameng'oka. Kiswahili kidogo alichokuwa nacho amesahau. Nilimwita kwa jina ulilompa la utani, akamwangalia Gati aulize mimi ni nani.

Asubuhi niliamka nikiwa nimeamua kuondoka nalo. Nilichukua kamba yangu ya kulifungia. Nikatoka kuaga, nikamkuta Gati ameketi kwenye jua na Robi kati ya magoti yake, anamnyoa nywele kwa wembe. Nikasimama, kwa kuwa hakuna anayemkatiza mtu mwenye wembe. Alipofika sikioni aliacha kupumua. Alilikunja lile sikio kwa vidole viwili, taratibu, akalifunika kwa kiganja chake, na wembe akaupitisha juu ya mkono wake mwenyewe, ili ukiteleza umkate yeye. Na Robi alikuwa amefumba macho, amelegea. Karibu alale.

Nilisimama hapo muda mrefu kuliko adabu. Kisha nikasikia mdomo wangu ukisema, "Gati, una kitambaa chako? Kitu ulichokivaa ukikipenda?"

Akanitazama kama nina homa.

"Lete," nikasema. "Nitakitafutia mahali kwenye blanketi."

Alikaa ndani kwa muda. Alitoka na leso nyekundu, Boke. Nyekundu, tena yenye maua meusi. Nilikusikia kabisa ukisema rangi zinazopiga kelele. Nikashusha blanketi kutoka kwenye ua. Kando ya kipande chako cha manjano kulikuwa na kile cha gauni langu la kijani kibichi lililofifia likawa karibu buluu, unakijua, ndicho pekee nilichokiongeza bila ruhusa yako, kwa sababu nilitaka kulala karibu nawe. Hicho ndicho nilichofumua. Kila uzi uliokatika niliusikia kwenye meno.

Nikampa sindano ya Ba. Hajui kushona. Mishono yake ni mirefu na imekwenda huku na huku kama njia ya mlevi, na vidole vyangu viliniwasha, nilitaka kumnyang'anya nishone mwenyewe, nikaikalia mikono yangu. Kweli, niliikalia. Alijidunga, akasonya, akaendelea. Katikati ya kazi akaniuliza, bila kuinua macho, "Alikuwa mkali?"

"Sana," nikasema. "Angekufumulisha yote haya."

Akacheka. Ndiyo mara ya kwanza kumsikia akicheka, na mimi nikacheka, halafu nikalazimika kwenda nyuma ya nyumba kidogo.

Marwa aliporudi alituona tumeketi na blanketi limetufunika magoti sote wawili. Aliweka fimbo chini, akaishika tena, akaenda kutazama ng'ombe ambao alikuwa ametoka kuwaleta. Mvi zimemwingia. Alipokuja kula macho yalikuwa mekundu, naye akasifu mboga.

Hivyo ndivyo lilivyoingia nyumbani. Si buluu na nyeupe tena. Lina kelele moja nyekundu katikati, na mishono ambayo ungeitukana. Nimekuambia. Ukitaka kukasirika, nikasirikie mimi, usimkasirikie yule binti.

Siku ya kuondoka nilikuwa nimeshaweka mzigo kichwani Robi alipokuja mbio. Alisimama mbele yangu, akasema kitu kirefu kwa Kikuria, huku akiitazama miguu yangu. Gati akanitafsiria.

"Anauliza kama mama yake alikuwa mrefu."

Nilishusha mzigo. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila swali, Boke, kama ulikuwa mzuri, kama ulimpenda, kama uliumia. Hilo sikuwa nimelifikiria. Nikainua mkono wangu juu ya kichwa changu, nikaupandisha kidogo tena, nikausimamisha pale ulipokuwa ukiishia. "Hapa," nikasema. "Mama yako alifika hapa."

Mtoto akainua uso, akatazama pale penye mkono wangu. Alitazama bila kupepesa, kana kwamba kuna mtu. Nikauacha mkono hapo hapo mpaka alipotosheka.

Ningependa kukuambia kwamba tangu nirudi nimetulia. Sijatulia. Vidole vinatafuta kitu, na kila kitambaa kinachoanguka chini ya cherehani ya Baba Okoth nakiokota. Mtoto wa Gati atazaliwa kabla ya mvua. Niliahidi mbele ya Marwa, na sasa naahidi mbele yako, kwamba nitamshonea lake, na nitalipeleka mwenyewe, na nitakaa siku nyingi zaidi nimfundishe Gati kushona mstari ulionyooka na nimfundishe Robi Kiswahili upya, ili siku atakapotaka kuuliza mengine aniulize mwenyewe. Nitamjibu yote. Hata lile la mke wa katekista.

Lala, dada yangu. Oriti, kama tunavyoagana huku kwetu. Nimekwisha kusimama tena, naona nimeandika mstari huu wa mwisho nikiwa wima.

Ni mimi, wako,
Mama Okoth