Wamenisoma Tena Miongoni mwa Waliokufa

Lindi, kwenye shamba la mkonge

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo mama. Barua hii nimempa mjomba Seif mkononi, nimemwambia asimpe mtu mwingine ila Mwanahawa. Mwanahawa mdogo wangu, msomee mama polepole, wala usiruke neno hata akikuambia basi. Mama, magoti yako yanaendeleaje? Mvua imegusa Njinjo au bado mnatazama mawingu? Na wale nguruwe wa bondeni, mwaka huu wamewaachia mihogo kidogo? Mimi ni mzima, ila mikono imechanikachanika kwa miiba ya mkonge, na hilo halikuanza leo.

Ninayotaka kukuambia ni ya gwaride la kila mwaka la kuwakumbuka waliokufa vitani. Umeniletea maneno kwamba mwakani, Mungu akikupa uhai, utashuka na mjomba mpaka Nangurukuru, mpande lori mje Lindi, usimame mbele kabisa usikie jina la Saidi likisomwa kabla hujafa. Miaka minne sasa ninakuandikia kwamba jina la mwanao limesomwa na Wazungu wamevua kofia. Njia ya mwongo fupi, mama, na yangu imefika ukingoni. Jina la Saidi halijasomwa hata mara moja. Linalosomwa ni langu.

Sababu unaijua kuliko mtu yeyote. Jumbe alipokuja kukusanya watu wa vita alimtaja Athumani bin Bakari, yaani mimi, mtoto wako wa kwanza. Nilikuwa juu ya dungu nikilinda mpunga, na kwa masikio yangu nilikusikia ukimwambia, "Athumani ana mke na shamba. Chukua huyu mdogo, andika kuwa ndiye Athumani." Saidi alikuwa hajaota hata unywele mmoja wa ndevu. Nilikaa kimya kule juu, sikushuka. Jioni ulimchinjia jogoo wa kumuaga, na mimi nikala paja. Lilikuwa tamu, sitakudanganya na hilo.

Basi alipokufa Burma, serikali ikaandika kwamba aliyekufa ni Athumani. Jumbe akaogopa ujanja wake usije ukajulikana, akanifukuza kijijini, nikaja huku kutafuta kazi kwa jina la Saidi. Ninyi mlimsomea Saidi khitma yake sawasawa. Serikali ikanisomea mimi.

Mwaka huu walitangaza kwamba ndugu wa waliokufa wataitwa mbele kupewa nishani. Nikaapa moyoni kwamba nikiitwa nitasema kweli mbele ya watu wote, wanifunge wakitaka, ili ukija mwakani ukute jina limerekebishwa. Niliazima shati, nikaenda uwanjani asubuhi mapema. Bendera imepandishwa, Wazungu wamebandika maua mekundu ya karatasi kifuani, askari wa zamani wamepanga mistari miwili. Wale wazee waliobeba mizigo katika vita vya Mjerumani waliwekwa nyuma karibu na choo, maana hawana viatu na hawajui kwenda mguu sawa. Tarumbeta ikapigwa, tukasimama kimya. Mtoto mmoja wa mgongoni alilia, polisi akamtoa mama yake nje ya uwanja.

Karani akaanza kusoma. Alipofika kwangu alisema, "Athumani bin Bakari, wa Njinjo, amefia Burma." Ukilisikia jina lako namna hiyo, mama, unajishika mkono kuona kama bado una joto. Nikaenda mbele.

Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, akaniuliza, "Wewe nani yake huyu?"

Hapo ndipo ilikuwa niseme. Neno nilikuwa nalo mdomoni. Nikawatazama polisi, nikasema, "Mimi mdogo wake, bwana. Naitwa Saidi."

Karani akazitazama mvi zangu kidevuni. "Mdogo? Huyo mkubwa alikwenda vitani na mkongojo, babu?" Watu wakacheka. Waliokuwa wanafuta machozi nao walicheka.

Bwana Shauri hakuelewa kicheko, akadhani wanafurahi. Akanishika bega, akanigeuza kwa watu, akasema kwa Kiswahili chake, "Tazama mtu hii. Kaka yake alikwenda kufa, yeye apate kukaa salama na shamba yake." Wakapiga makofi mengi. Akanibandika nishani, nami nikampigia saluti ambayo hakuna mtu aliyenifundisha.

Nilidhani nimemaliza. Nikiwa natoka uwanjani mtu mmoja mwenye mguu mmoja akaniita. Jina lake Ismaili, Mmwera, naye alikuwa kwenye gwaride lakini amekatazwa kuandamana kwa sababu gongo lake linawaharibia wenzake hatua. Akaniambia walikuwa hema moja na kaka yangu.

"Nilishangaa sana leo," akasema. "Kaka yako alikuwa mtoto. Wewe mdogo wake umezeeka hivi?"

Akanieleza bila kuulizwa. Saidi hakuuawa kwa risasi, mama. Ni homa na kuhara, kwenye tope, na mvua ya kule haina simile. Ismaili amesoma chuo cha Kurani, kwa hiyo ndiye aliyemzika. Akasema, "Nilipoona anakwenda nikamuuliza jina la mama yake nani, nipate kumsomea talkini, maana kaburini maiti huitwa kwa jina la mama. Akanijibu vizuri, Zainabu. Kisha akanishika nguo, akasema, 'Na mimi si Athumani.' Nikasema pole ndugu yangu, hiyo ni homa. Akarudia mara tatu, nikamziba mdomo apumzike."

Nikamuuliza, "Sasa kaburini ulimwitaje?"

"Athumani mwana wa Zainabu. Ningemwitaje?"

Kwa hiyo wewe uliitwa kwa jina lako kwenye kaburi lile, mama, na mimi niliitwa kwa langu. Aliyelala humo hakuitwa. Mashehe watakuambia Mungu anawajua waja wake, na mimi naamini hivyo. Lakini yeye alikuwa anatuomba kitu kidogo sana. Ninakuchukia kwa ajili ya siku ile, na kila nikianza kukuchukia nalikumbuka lile paja la jogoo, najichukia mimi zaidi. Nimelisema, sasa nimepumua.

Mkumbushe mjomba asichelewe kurudisha shati la watu nililomkabidhi afue. Nisalimie mwalimu wa chuo aliyetufundisha sote wawili. Nisalimie shangazi wa Mitole, mwambie tumbaku yake imefika. Na mke wangu Somoe, ambaye jumbe humwita mjane mbele za watu, mwambie avumilie au asivumilie, simlazimishi.

Mwakani usije kwenye gwaride, mama. Utamsikia karani akinisoma mimi, na mimi nimesimama ubavuni pako. Lakini kama unataka kulisikia jina la Saidi kabla hujafa, njoo siku yoyote ya kazi. Kaa nje ya lango la shamba jua linapochomoza. Nyapara ana daftari lake na sauti kubwa, hakosei. Atalitaja: Saidi bin Bakari! Utalisikia vizuri, kisha utanisikia mimi nikiitika.

Ni mimi mwanao uliyembakiza,
Athumani