Ritani Mbili za Iftikhar

Mirpur, Jumanne

Dada Nusrat,

Pokea salamu za mdogo wako mtanashati, fundi simu anayetegemewa na Mirpur nzima. Hujambo huko Bradford? Shemeji na watoto wanaendeleaje na baridi yenu? Sisi wazima. Mama goti linamsumbua, lakini halimzuii kuniamrisha.

Habari kubwa ni kwamba Iftikhar wa shangazi amekuja kutafuta mke, pasipoti zake mbili mfukoni, utadhani moja ikiugua nyingine itaiuguza. Huko kwenu anaendesha teksi. Hapa tunaambiwa ana biashara ya usafiri. Na maduka yake ya hapa kayapangisha. Viatu vyake vyeupe, Dada, hata vumbi linaviogopa! Simwonei wivu. Nakueleza tu alivyo.

Juzi walikwenda na mama yake kwa ami Bostan kumposa Sumbal. Nikajipeleka bila kuitwa, nikala samosa zao. Ami akauliza lile swali ambalo wazee wetu siku hizi huliuliza kabla hata ya ukoo: je, kijana yumo kwenye orodha ya wanaowasilisha ritani za kodi? Maana asiyemo hukamuliwa zaidi akinunua kiwanja au gari. Iftikhar akajibu kwa maringo kwamba yumo, kodi ya maduka keshalipa hapa, na Waingereza hayawahusu.

Nikakumbuka ulivyonilalamikia kuhusu kodi wanayokudai huko kwa pango la ghorofa yako ya hapa. Nikamrukia. Nikamwambia, bwana mkubwa, wewe unaishi kule, kwa hiyo pango la huku lieleze na kule pamoja na hiyo teksi. Kodi uliyolipa hapa watakupunguzia, ila ukinyamaza watakupiga faini. Akawa mweupe kama viatu vyake. Nikasema moyoni, posa imekufa.

Kumbe nimeipulizia moto! Ami alipiga paja, akasema huyu basi ni wa ritani nchi mbili, wakati hapa mtaani hata wa nchi moja tunamtafuta kwa tochi! Jibu atatoa Ijumaa ya wiki ijayo, baada ya sala. Na Iftikhar, mjinga yule, akanishukuru mbele za watu.

Nilipokuwa navaa viatu mlangoni, Sumbal alinipitia na sinia. Akaninong'oneza kwamba nimemposea Iftikhar vizuri kuliko mama yake, na kama nina ulimi mrefu hivyo, mbona kwa baba yake sijawahi kuutumia kwa ajili yangu mwenyewe?

Dada, namtaka Sumbal. Tangu tunagombania vishada juu ya paa. Hakuna ninayemwambia ila wewe, na kwenye simu nisingeweza, Mama husikiliza kila kitu. Ndiyo maana barua hii anakuletea Bibi Zarina, anaruka kesho. Mpigie ami kabla ya Ijumaa hiyo, wewe anakusikiliza. Iftikhar akirudi msaidie hiyo ritani yake, nisije nikaitwa mchawi.

Ila ami mwambie hata mimi nimo kwenye orodha. Ya nchi moja tu, lakini binti yake atabaki mtaa wa pili.

Wapakate watoto kwa niaba yangu, shemeji mpe heshima zake.

Ni mimi mdogo wako, msumbufu yuleyule,
Tanzil