Jina la Majura kwa Dagaa wa Bahari

Jumatatu, 16 Juni
Naanza kama barua maana ndivyo tulifundishwa shuleni, ingawa hii simpelekei mtu. Mimi mzima, kifua tu. Baba Majura mzima, haongei. Bibi, mama yake, mzima, ila macho ndiyo yamekwisha. Neema, kitindamimba wangu, mzima, yuko shule. Kuku wote wazima. Nyangeta binti yangu yuko pwani chuoni, nadhani mzima. Majura sijui.

Nimeanika dagaa ufukweni Mwigobero toka asubuhi. Mchana Nyangeta kapiga simu. Hajapigaga tangu Pasaka. Yule dagaa wa bahari aliyekuwa anamchunguza, wakubwa zake wamekubali ni mpya. Hajawahi kuandikwa na mtu. Sasa anatakiwa kumpa jina. Anataka kumpa la kaka yake.

Nimekata simu.

Jumanne, 17 Juni
Naandika nielewe mwenyewe. Novemba, Nyangeta alimwita kaka yake akamsaidie kuvuta nyavu huko pwani, maana Majura amekulia kwenye nyavu. Mtumbwi ukapinduka. Wavuvi wakamtoa Nyangeta. Ndoo ya samaki ilikuwa na mfuniko, ikaelea, ikapatikana. Mwanangu hakupatikana.

Hatujazika kitu. Baba yake alimwambia Nyangeta asikanyage tena hapa Mwisenge. Mimi nikanyamaza. Hiyo ndiyo dhambi yangu.

Kwenye ukoo wetu jina la mtu halirithiwi akiwa hai. Nikisema ndiyo, nimesema amekufa.

Alhamisi, 19 Juni
Wifi kaja kutoka Butiama. Anasema ukoo umekaa kikao Suguti, wameamua. Jumamosi ya wiki ijayo tuzike mgomba badala ya mwili, matanga yaishe. Nikasema mimi sikuzaa mgomba. Akanijibu mbele za watu: "We mama Majura, majonzi utayaanika kama dagaa mpaka lini? Mvua itakukuta!" Wakacheka. Hata mimi nilicheka. Halafu nikamchukia.

Nyangeta katuma meseji. Jina linatakiwa Jumatano, la sivyo atatumia jina la kijiji cha huko. Nikamjibu kwamba samaki analiwa. Hapa dagaa iliyovunjika tunauza chakula cha kuku. Anataka watu wamwanike kaka yake? Wampime kwa kopo?



Jumamosi, 21 Juni
Nimetoka Bunda. Nyangeta kaja na basi kutoka pwani, kaniita kule kwa rafiki yake, huku anaogopa kufika. Baba Majura nimemdanganya nafuata magunia.

Amekonda. Mikono ya bibi kizee. Akatoa chupa kwenye begi, dagaa wako ndani ya spiriti, weupe kama waliochemshwa. Sio kama wetu wa ziwani. Mdomo umepasuka hadi nyuma ya jicho. Akaniwekea wawili kiganjani, mmoja wa siku zote na mmoja mpya. Kwa macho wako sawa. Nikapitisha kidole tumboni, kule kwenye vimiba. Huyu mpya ana kimoja zaidi. Nikamwambia kabla hajaniambia. Akaanza kulia. Anasema yeye hicho kimiba kilimchukua miezi kukiona, tena kwa mashine. Nikamwambia dagaa nachambuaga tangu wewe hujazaliwa.

Halafu akasema jambo ambalo nimerudi nalo njia nzima. Ukiandika samaki mpya unachagua mmoja. Huyo mmoja ndiye mwenye jina hasa. Wengine wote baharini wanaitwa hivyo kwa kufananishwa na yeye. Haliwi. Haanikwi. Anakaa kwenye chupa yake, kabatini, na karatasi yake, hata sisi tukishakufa.

Aliyemchagua ametoka kwenye ndoo ya siku ile.

"Mama, kaka ndiye alimtoa kwenye wavu kwa mkono wake."

Sikusema ndiyo. Nilimshika kichwa tu, kama nilivyokuwaga namsuka.

Jumapili, 22 Juni
Kanisani sikuimba. Tuliporudi nikamwambia Baba Majura yote, na uongo wa magunia pia. Akasema Nyangeta kaua, sasa anatafuta sifa. Nikamwambia begi la Majura la kwenda pwani nililifunga mimi. Kama ni kuua tuliua wawili. Ameenda kukaa na ng'ombe wa jirani hadi jioni. Chakula hakugusa.

Naumwa na hii nyumba.

Jumanne, 24 Juni
Nimempigia wifi. Wazike. Nitakuja.

Aliguna tu. Halafu akaniita mdogo wangu. Hajaniitaga hivyo.

Jumatano, 25 Juni
Mwezi haupo, giza ndilo la kuvua, dagaa zimeingia nyingi, lakini leo sijashuka Mwigobero. Nimekaa mlangoni na simu. Meseji nimeiandika polepole, naiweka na hapa isije ikafutika.

"Nyangeta mwanangu. Mpe. Jumamosi tunazika mgomba Suguti. Baba yako hajasema uje, mimi ndiye nasema uje. Ila nataka kujua hiyo kabati iko jengo gani, chumba gani, na ufunguo anao nani. Kama wanafagia humo. Na kama mama mtu akija toka mbali wanamruhusu kuingia akakaa kidogo. Waulize leo hii. Unijibu upesi."