Andongwisye na Kopo la Sahihi za Walio Hai

Mwaka umetimia, Baba yetu Andongwisye, tangu asubuhi ile ya Mei 1996 ulipotutoka, mvua ya Tukuyu ikinyesha bila kupumzika. Migomba uliyoiacha imezaa. Kofia yako bado iko kwenye msumari, maana Mama hataki iguswe.

Wengi walikujua dirishani benki, miaka ishirini na saba, karani asiyepandisha sauti hata kwa mkulima aliyeingia na matope hadi magotini. Sisi tulikujua kwa hundi kuukuu. Mageuzi yalipokuja na tawi likafungwa, wenzako walihangaikia kiinua mgongo. Wewe uliomba karatasi zilizokuwa zinakwenda kuchomwa. Ukarudi na magunia mawili ya hundi zilizokwisha kulipwa: za wamisionari, za wazungu wa chai, za wenye maduka wa mjini. Mama alisema wenzako wanaleta bati, wewe unaleta takataka. Ukacheka tu.

Ulikuwa na utaratibu wako. Sahihi za waliokufa ulizibandika kwenye daftari kubwa. Za walio hai zilikaa kwenye kopo la biskuti. Mtu akifariki, ulitoa hundi yake koponi, ukaipaka gundi, ukasoma jina lake kwa sauti mara moja. Ulisema hupendi mtu asahaulike kabisa.

Tulianza kuogopa ulipombandika Lukasi wa Kiwira siku ya Jumatatu. Tulikuambia mzee Lukasi ni mzima, tumemwona gulioni. Ukaduwaa, ukajaribu kuibandua, gundi ikakataa. Jumatano zikafika habari za msiba wake. Mzee Abdulkarimu, rafiki yako wa duka la vitambaa, tangu hapo akawa anakusalimia kwa kuuliza kama bado yumo koponi. Alikuwa anatania, lakini alipokuja kuhani msiba wako aliomba hundi yake kwanza, ndipo akaketi.

Hundi ya Mama ilikuwa ya mwaka 1968, alipokuwa mweka hazina wa akina mama wa kanisa kule Mpuguso. Ndiyo iliyowakutanisha, uliipenda sahihi kabla hujaiona sura. Nayo ilikaa koponi. Mwaka huu mzima Mama hakugusa kopo wala daftari, kwa hofu ya kujikuta amekwisha kubandikwa. Akisikia karatasi zikichakacha chumbani kwako, anatuambia ni panya. Tumetega mtego, hatujanasa kitu.

Juzi amesema inatosha, tukafungua daftari. Ukurasa wa mwisho upo wewe. Ulijibandika mwenyewe, na gundi imekauka zamani. Pembeni yako umeacha nafasi tupu, na chini yake umeandika kwa penseli jina la Mama: Ikupa. Tukamwaga kopo lote kitandani. Hundi ya Mama haimo.

Ndipo binti yako Atupele akakumbuka siku alipokuvika koti la mazishi. Mfuko wa ndani ulikuwa na karatasi iliyokunjwa, na Mama mwenyewe ndiye aliyesema uachwe nayo. Mama akageukia dirisha, akalitazama kaburi lako pale migombani.

"Amenificha nisibandikwe, au amenichukua?" akauliza.

Akaomba kalamu. Sahihi ilitoka ileile ya mwaka 1968, juu ya kipande cha karatasi ya daftari la shule. Akakitumbukiza koponi, akakandamiza kifuniko kwa kiganja. Kisha akaongea kwa sauti ileile aliyokuwa akikuitia chakula.

"Baba Atupele, mimi bado nimo humu. Ningoje."

Usiku ule hatukusikia panya.

Unakumbukwa na mkeo Ikupa; wanao Atupele, Jotham na Tulinagwe; wajukuu zako; ndugu zako wa Kisondela; na rafiki yako Abdulkarimu, anayetembea na hundi yake mfukoni.

Hatutakusahau siku zote za maisha yetu, Baba. Wewe pumzika, usisome tena majina.